Barbara Jordan: wakili aliyeanzia meza ya chakula ya wazazi wake, na kura 11 zilizomfanya aheshimiwe Texas

Karani Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa mawakili wanaokimbilia siasa, mdau mmoja alisema wakili akiingia bungeni anabaki na silaha moja tu, mdomo. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko bandiko lenyewe, bora nifungue uzi.

Ninayemleta ni mtu anayekumbukwa kwa mdomo kweli. Sauti nzito, maneno yanatoka moja moja kama mtu anahesabu noti mbele ya mteja. Lakini mimi nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mienendo ya kesi, kisha nikaazimwa kuandika mihutasari ya baraza la madiwani la halmashauri moja, na kila nikimsoma huyu mama naona mdomo ulikuja mwisho. Hesabu ndiyo ilitangulia.

Anaitwa Barbara Jordan. Alizaliwa Houston, Texas, tarehe 21 Februari 1936, mtaa wa Fifth Ward, uswahilini kwa watu weusi. Baba yake Benjamin alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfanyakazi wa ghala. Babu wa mama yake, Edward Patton, aliwahi kuwa mbunge wa Texas miaka ya 1890, kabla milango haijafungwa kabisa kwa weusi. Binti alipokuwa sekondari ya Phillis Wheatley, shule ilitembelewa na wakili mweusi kutoka Chicago, Edith Sampson, akazungumza na wanafunzi. Barbara akarudi nyumbani ameshaamua kuwa wakili.

Sasa tuelewane kwenye neno moja. Nikisema "mbunge wa jimbo" hapa simaanishi jimbo la uchaguzi kama Ubungo au Mvita. Jimbo ni Texas nzima, yenye gavana wake, mahakama zake na bunge lake lenye vyumba viwili. Mtu asije akanichanganyia mafaili huko chini.

Chuo Kikuu cha Texas kilianza kupokea weusi wa shahada ya kwanza mwaka 1956, na yeye ndio mwaka aliohitimu kwingine. Alisoma Texas Southern, chuo ambacho bunge la Texas lilikianzisha 1947 kwa sababu mweusi mmoja, mbeba barua aitwaye Heman Sweatt, alishtaki akitaka kuingia shule ya sheria ya wazungu. Yaani serikali iliona afadhali kujenga chuo kizima kuliko kumpa mtu mmoja kiti. Hapo Texas Southern Barbara akawa nyota wa midahalo, wakatoka sare na Harvard. Mwaka 1959 akamaliza sheria Chuo Kikuu cha Boston.

Akarudi Houston. Ofisi hana, mtaji hana. Kwa miaka kama mitatu alifanyia uwakili wake nyumbani kwa wazazi, kwenye meza ya chakula. Mimi picha hiyo naijua. Nimewahi kupeleka hati ya wito kwa wakili aliyekuwa anafanyia kazi barazani kwao, majalada juu ya meza ya plastiki, yamekandamizwa kwa kinu ili upepo usiyapeperushe. Mteja anayekuja kwenye meza ya namna hiyo haji na kesi ya kampuni ya mafuta. Anakuja na mirathi, na hati ya nyumba, na talaka, na mwanawe aliyekamatwa.

Nitaendelea, chai imechemka.

Bibi Chapati

Nimeweka kigoda changu hapa mbele. Mleta mada usituache njiani kama ule uzi wa reli.

Kijana wa Kisauni

Mzee swali dogo. Huyo ni kama MCA wetu wa kaunti ama ni seneta? Naona umesema bunge la jimbo nikapotea kidogo.

Karani Mstaafu

Kijana wa Kisauni, si MCA wala si seneta wa Nairobi. Seneti ya Texas ni chumba cha juu cha bunge la jimbo lenyewe, wajumbe 31 tu. Linaweza kutunga sheria ya kazi, ya elimu, ya jinai, mpaka ya kunyonga. Na linakaa siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili. Siku zilizobaki kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Enzi za Barbara mshahara ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Mwaka 1975 ukapandishwa hadi 7,200, na haujapanda tena mpaka leo ninapoandika. Ndiyo maana mabunge ya hivi yamejaa mawakili na wenye mashamba: ni watu wanaoweza kufunga ofisi miezi mitano na wasilale njaa. Mwalimu wa shule ataomba likizo ya nani?

Haya. Mwaka 1960 alijitolea kwenye kampeni ya urais ya Kennedy na mgombea mwenza wake Johnson, wa chama cha Democratic. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulamba mihuri ya barua, wakaja kugundua anaweza kusema na kupanga watu, akapewa uhamasishaji wa vituo 40 vya weusi, mtu mmoja kwa kila kipande cha mtaa. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu.

Akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas 1962. Akapigwa. Akarudi 1964. Akapigwa tena. Si kwamba Fifth Ward walimkataa, walimpa kura zote. Tatizo ni kwamba wagombea wa Houston walipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris. Mtaa wako uwe na kura nyingi namna gani, zinamwagwa kwenye bahari ya wazungu zinapotea. Juu ya hapo kulikuwa na kodi ya kupigia kura, dola 1 na senti 50, kaunti ikiongeza ya kwake inafika 1.75. Sisi wenye babu waliokimbilia msituni mkusanya kodi ya kichwa akionekana, hiyo tunaielewa bila kufafanuliwa.

Hapo katikati mahakama zikafanya kazi yao. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema mahakama inaweza kusikiliza malalamiko ya mipaka ya uchaguzi, kesi ya Baker dhidi ya Carr. Mwaka 1964 ikasema majimbo ya uchaguzi lazima yalingane kwa watu, Reynolds dhidi ya Sims. Texas ikalazimika kuchora upya. Mwaka 1966 kodi ya kura ikafutwa hata kwenye chaguzi za majimbo. Ramani mpya ikatoka, na ndani yake eneo la 11 la Seneti, ambalo lilikuwa limebeba vituo vingi alivyokwishapata kura mara mbili alizoshindwa.

Mtu yuleyule, sauti ileile, kadi ileile ya chama. Kilichobadilika ni mstari kwenye karatasi. Mwaka 1966 alimshinda mbunge mzungu kwenye kura za maoni za Democratic karibu mara mbili. Yule bwana alikuwa anasambaza vipeperushi vinavyouliza kama mzungu anaweza kushinda eneo lile. Barbara akajibu jukwaani: hapana, safari hii hawezi.

Januari 1967 akaapishwa, mweusi wa kwanza Seneti ya Texas tangu 1883, na mwanamke mweusi wa kwanza kabisa. Wajumbe 31, yeye peke yake mwanamke. Watu wa Houston walikuja kwa mabasi wakajaa roshani, alipoingia wakalipuka kwa shangwe, na kanuni za Seneti zinakataza. Akainua uso, akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza. Mimi ningekuwa mzungu mle ndani, hicho kidole kingenitisha kuliko hotuba.

Shamba Boi

Hapo kwenye mipaka umenigusa. Huku kwetu kata ikigawanywa watu wanadhani ni mambo ya ramani tu, kumbe mtu ameshachaguliwa tayari.

Wakili wa Kibanda

Karani, unasimulia vizuri ila unaremba. Wewe mwenyewe unajua kuna upande wa pili wa mipaka ya huyo mama. Nasubiri uufikie, usipoufikia nitaufikisha mimi.

Karani Mstaafu

Wakili, utafika. Niachie kwanza nyama yenyewe.

Seneti ya Texas enzi hizo ilikuwa na desturi: mswada haujadiliwi mpaka theluthi mbili wakubali uje mezani. Theluthi mbili ya 31 ni 21. Maana yake wakikaa 11 wamekunja mikono, mswada umekufa bila hata kuzikwa.

Mwaka wake wa kwanza ukaja mswada wa uandikishaji wa wapiga kura, wa kukaza masharti, ambao ungewabwaga nje weusi na Wamexiko wengi. Mjumbe mwingine angesimama akalia kwa saa tatu na magazeti yakaandika. Barbara hakusimama. Alikwenda kwa wajumbe mmoja mmoja, wale ambao kwa miezi kadhaa alikuwa ameshawasaidia kwenye miswada yao ya mifugo na barabara, akawakumbusha. Akapata 10. Na yeye 11. Mwenye mswada alipopewa hizo hesabu akauacha.

Nitawaambia kwa nini kisa hiki sikiachi. Kwenye lile baraza la madiwani nilikoazimwa kulikuwa na diwani mmoja mzungumzaji kweli, akisimama hata wahudumu wanaacha vikombe. Siku moja alileta hoja ya ada ya soko kwa akinamama wa mboga. Alizungumza dakika 40, mimi mwenyewe nikaacha kuandika nikawa namsikiliza. Kura zikapigwa, akashindwa kwa mbili. Wawili wa upande wake walikuwa nje wananunua vocha. Hakuna aliyewahesabu. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu huu.

Barbara hakuwahi kufanya kosa hilo. Alijifunza kanuni za Seneti mpaka wazungu wakawa wanamuuliza yeye. Aliketi nao, akaimba nao nyimbo za gitaa kwenye tafrija zao, watu ambao wengine walikuwa wakisema maneno machafu juu ya rangi yake asipokuwepo. Akatoka na sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara ya Texas, 1969, kwa ajili ya wale ambao sheria ya Washington haikuwafikia. Akaboresha fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini.

Machi 1972 wakamchagua rais wa muda wa Seneti, yaani anayekalia kiti cha mwenyekiti naibu gavana asipokuwepo. Wale wale.

Bibi Chapati

Hapo kwenye "akaimba nao" ndio sijui kama ningeweza. Moyo wangu mdogo.

Wakili wa Kibanda

Umepita pembeni, basi naufikisha.

1971 Texas inachora mipaka upya baada ya sensa. Naibu gavana Ben Barnes, ambaye ndiye mwenyekiti wa Seneti, anamteua Barbara makamu mwenyekiti wa kamati ya kuchora. Ramani zinatoka. Houston inapata eneo jipya la Bunge la Marekani, la 18, limemkaa Barbara kama gauni la kushonewa. Na lile eneo lake la zamani la Seneti ya Texas? Kura za weusi zikatawanywa. Curtis Graves, mbunge mweusi wa Houston aliyeingia mwaka uleule wa 1966, alikuwa anakitaka kile kiti. Akasema waziwazi kwamba Barbara ameuza kiti cha weusi ili ajinunulie tiketi ya Washington.

Na usiniambie ni maneno ya mkosaji. Barbara aliondoka Januari 1973. Seneti ya Texas ikakaa bila mweusi hata mmoja mpaka 1983, alipoingia Craig Washington, naye wakili. Miaka 10! Mtu aliyeingia kwa sababu mahakama zilirekebisha mipaka, akatoka mipaka ikafungwa nyuma yake. Mteja wangu akifanyiwa hivyo ningeshtaki.

Kijana wa Kisauni

Aisee. Moto umewaka.

Karani Mstaafu

Wakili, tarehe zako ziko sawa na sizipingi. Ninachosema ni hiki: kamati ilikuwa ya Barnes, kalamu haikuwa ya Barbara peke yake, na wazungu wale hawakuwa wanatoa viti viwili. Alikuwa na kura yake na wadeni wake. Aliamua wadeni wamlipe kwa kiti cha bunge kule Washington. Graves akamfuata kwenye kura za maoni za 1972 na watu wa Houston, hao hao waliodaiwa kuuzwa, wakampa Barbara takriban asilimia 80.

Je, angeweza kukomaa ili kile kiti kisivunjwe? Pengine. Mtu aliyeweza kukusanya 11 mwaka 1967 akiwa mgeni, 1971 akiwa mwenyeji ni vigumu kusema hakuweza. Hapo nakupa pointi, nimeiandika.

Bintiye Pangani

Mimi nitoke kwenye mipaka kidogo. Desturi ya Texas ni kwamba gavana na naibu wake wakisafiri siku moja, rais wa muda wa Seneti anakuwa gavana wa siku. Zamu ya Barbara ilikuwa 10 Juni 1972. Shule zikaleta kwaya, watu wa Houston wakafurika Austin. Baba yake, yule mhubiri wa ghalani, alikuja. Siku hiyohiyo akaanguka kwa kiharusi, akakimbizwa hospitali, kesho yake akafariki. Lakini alimwona binti yake amekaa kwenye kiti cha gavana wa Texas. Kila nikisoma hapo nasimama kidogo.

Mzee wa Likoni

Ongezeni hii kwa faida ya Wakenya. Wakili aliyesimamia ile kesi ya Sweatt mpaka akashinda Mahakama Kuu 1950 ni Thurgood Marshall. Huyohuyo alikuja kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London, 1960, akaandika rasimu ya haki za msingi. Na kiti cha 18 cha Barbara kilirithiwa na Mickey Leland, aliyefariki Agosti 1989 kwa ajali ya ndege Ethiopia akielekea kambi ya wakimbizi. Dunia ndogo.

Karani Mstaafu

Mzee wa Likoni asante, la Leland nilikuwa nimelisahau.

Nimalizie Washington kwa kifupi maana huko kila mtu anakujua. Tarehe 25 Julai 1974, jioni, kamati ya sheria ya Bunge, suala ni kumshtaki Rais Nixon bungeni ili aondolewe madarakani kwa kashfa ya Watergate. Wajumbe 38 walipewa muda wa kusema, na yeye ni mgeni wa mwaka wa pili. Alianza kwa kusema kwamba katiba ilipoandikwa 1787 na kuanza na "sisi wananchi", yeye hakuwemo. Kwa miaka mingi alidhani waasisi wa taifa, George Washington na Hamilton, walimsahau kwa bahati mbaya. Akasema ameingizwa baadaye kwa njia tatu: marekebisho ya katiba, tafsiri, na uamuzi wa mahakama.

Watu wanaisikiliza kama ushairi. Rudini juu kwenye bandiko langu la pili. Kodi ya kura kwenye chaguzi za taifa iliondolewa kwa marekebisho ya katiba, ya 24. Ya chaguzi za majimbo iliondolewa na mahakama. Mipaka ilichorwa upya kwa sababu mahakama iliitafsiri katiba. Yule alikuwa anasoma wasifu wake wa kazi, wakuu. Kwenye pochi alikuwa anatembea na kijitabu kidogo cha katiba, kama mama wa Kiswahili anavyotembea na tasbihi. Nixon aliondoka tarehe 9 Agosti.

Mwaka 1975 ndiye aliyesukuma Sheria ya Haki za Kura ienee mpaka Texas, iwalinde na Wamexiko, huku wakubwa wa Texas wakikataa. Mwaka huohuo akaenda kutoa ushahidi wa tabia njema kwa John Connally, gavana wa zamani aliyeshtakiwa kwa rushwa ya wafanyabiashara wa maziwa. Connally akaachiwa. Wengi hawakumsamehe kwa hilo. Wakili usilichukue hilo pia, nimelisema mwenyewe.

Mbeba Boksi wa Houston

Wakuu nimetoka zamu ya usiku nakuta mtaa wangu unajadiliwa. Posta kubwa ya katikati ya mji hapa ilikuwa na jina lake. Ilifungwa 2015, sasa ni ukumbi wa vyakula na muziki, watu wanakula taco palipokuwa na mifuko ya barua.

Ila na mimi nina lawama yangu. Uzeeni, akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Texas kule Austin na anatumia kiti cha magurudumu, Clinton alimpa kuongoza tume ya uhamiaji. Tume ikapendekeza wahamiaji halali wapunguzwe mpaka 550,000 kwa mwaka na daraja la kuwaita kaka na dada lifutwe. Wewe unayesubiri kumleta ndugu yako wa tumbo moja unaelewa ninachosema. Bunge halikupitisha, shukrani. Lakini haki yake nimpe: Desemba 1995, mwezi mmoja kabla hajafa, alikwenda kutoa ushahidi bungeni kupinga waliotaka watoto wanaozaliwa hapa na wazazi wasio na karatasi wanyimwe uraia. Wanangu wawili wamezaliwa hapa.

Bibi Chapati

Kwa hiyo tumpende au tusimpende? Nina unga mkononi, nijibuni haraka.

Karani Mstaafu

Bibi, kanda tu.

Alifariki 17 Januari 1996, akazikwa makaburi ya serikali ya Texas, Austin, mweusi wa kwanza kuzikwa pale. Mbeba Boksi, ukipita uwanja wa ndege wa Austin kuna sanamu yake ya shaba ameketi, jengo la abiria lina jina lake. Tupigie picha.

Mbeba Boksi wa Houston

Mwezi ujao nina mzigo wa kupeleka Austin. Nitapita.

Wakili wa Kibanda

Kumi na moja. Sawa Karani, nimekuelewa, kesho nina baraza la wanachama wa chama chetu cha akiba na nitahesabu kabla sijafungua mdomo. Ila Graves simwachi.